Hesabu ya Madumu

Sikuwa nimewahi kufika Dar es Salaam hadi Julai ile nilipopanda treni ya umeme Morogoro, mkobani nimebeba futi kamba na kikokotoo. Treni haikutumia hata saa mbili, na muda huo wote nilipiga hesabu: bustani ni mita 80 za mraba, udongo na majani hupoteza milimita 5 za maji kwa siku, milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Lita 400, yaani madumu 20. Nikajiona nimemaliza kazi kabla ya kushuka.

Bustani yenyewe imebanwa kati ya maghorofa mawili Kisutu. Mzee anayeitunza aliitikia shikamoo yangu, akasikia habari ya madumu 20, akacheka.

“Mwanangu, ukimwaga hayo yote, panda mpunga kabisa.”

Zile milimita 5 nilizikadiria kwa mwongozo wa FAO wa 1998, ambao kipimo chake ni uwanda wazi wa nyasi za sentimita 12 zilizoshiba maji. Uwanda gani Kisutu? Upande wa kaskazini ukoka ulikuwa kivulini, ardhi baridi. Hatua chache mbele, ukuta ulinirudishia joto usoni kama mdomo wa tanuri la mkate, viyoyozi vikipuliza juu yake, asumini zimesinyaa.

Wataalamu wa bustani wa California walilipa jambo hili namba yake ya kuzidishia mwaka 2000: kuanzia 0.5 penye kivuli hadi 1.4 penye joto la kuta na lami. Darasani niliidharau. Sasa nikavuta futi kamba: mita za mraba 50 kivulini, 30 juani. Mimea yenye kiu ya wastani nikaipa 0.5. Kivulini zikatoka lita 62 na ushei, juani 105. Nikiongeza maji yanayopotelea mpirani, madumu 12.

“Mimi namwaga tisa,” mzee alisema. Huchoma kijiti ardhini. Kikitoka kikavu, ndipo anamwagia. Kisha akanionyesha ndoo alizozipanga chini ya viyoyozi, zikijaa tone kwa tone. Hakuna mwongozo niliousoma uliokuwa na ndoo hizo.

Nilipokuwa nakunja futi, aliuliza, “Na kaskazi je? Desemba jua linahamia kusini. Ukoka huu wa kivulini ndio utakaolia.”

Sikufuta kitu. Nikaandika tu “Julai” juu ya ukurasa.