Kunanyesha Pugu, jiandae Jangwani

Leo nawaletea habari ya kitu ambacho siku hizi nakifungua hata kabla ya chai: picha za mawingu za setilaiti ya Meteosat.

Setilaiti hii iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta na kwa miaka mingi imekuwa ikituma picha kila dakika 15. Zipange mfululizo, utaona mawingu yanatembea kama sinema. Kwenye picha ya joto, doa jeupe sana ni kilele chenye baridi kali. Mara nyingi wingu hilo ni refu, la ngurumo. Mara nyingine linadanganya, maana setilaiti huona mgongo wa wingu tu. Tumbo lake huonwa na rada: inazunguka, inarusha mawimbi, yakigonga matone yanarudi. Muda wa kurudi unaeleza umbali, na nguvu ya mwangwi inaeleza ukubwa wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanayo moja hapa Dar.

Sasa shuka Kariakoo. Mtaa wa Kongo jua linachoma, machinga anapanga viatu. Mwambie maji yanakuja uone atakavyokucheka! Lakini Msimbazi hauanzii Jangwani. Unatoka vilima vya Pugu, Kisarawe. Mvua ikipiga kule, huku bondeni maji hufika baadaye, hata kama tone hamjaliona.

Masika moja niliona doa limekaa juu ya Pugu, haliondoki. Nikampigia rafiki yangu muuza mitumba, amepanga Jangwani. "Acha utani ndugu yangu, huku kunaunguza!" Alibisha, ila akapiga simu nyumbani. Godoro na madaftari ya watoto yakapandishwa juu ya kabati. Usiku maji yakaingia mpaka magotini.

Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Baada ya hapo baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande, lakini wengine walibaki bondeni. Picha zipo, simu zipo. Anayekosekana ni wa kuzisoma na kuzitamka kwa lugha ya mtaa. Kariakoo spika zinatangaza bei kutwa nzima. Zikikatisha dakika moja tu kusema Pugu kunanyesha, nani atapata hasara?

Mnasemaje wadau?