Motokari Inayopiga Kelele: Musaada ao Usumbufu?

Motokari za siku hizi zinasema. Zamani motokari ilikuwa na honi moja, na shofere mwenyewe ndiye aliipiga. Leo motokari ndiyo inamupigia shofere. Hujafunga mukaba: ti-ti-ti. Unarudi nyuma karibu na ukuta: ti-ti-ti. Umekanyaga mustari mweupe: usukani unatikisika mikononi kama mutu anayekuamusha. Katika jamaa zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ambako hakukosi mutu wa nyumba anayeendesha kamio ya kompani, taksi ao jipu ya shefu, jambo hili linaleta mabishano kila siku. Wengine wanasema: huu ni musaada. Wengine wanajibu: musaada gani? Ni makelele tu, yananichosha kichwa. Mimi si mekanisie, nilisoma shule ya Biblia. Lakini naendesha, na nasikiliza wale wanaoendesha kunipita.

Kwanza tusichanganye vitu. Kuna vifaa vinavyosaidia bila kusema neno. ABS iliingia katika motokari za Mercedes mwaka 1978, na kazi yake ni rahisi kueleza: ukikanyaga breki kwa nguvu juu ya njia yenye maji, magurudumu yanashikwa kabisa, motokari inateleza kama sabuni na usukani haukusikii tena. ABS inaachilia na kushika, inaachilia na kushika, mara nyingi kwa sekunde moja, kusudi uweze kukata kona ungali unafunga breki. Katika mwaka 1995 kikaja kifaa kingine, kinachofunga breki ya gurudumu moja peke yake wakati motokari inaanza kuzunguka. Sijasikia shofere hata mumoja akilalamika juu ya hivi viwili. Vinangojea saa yao, vinafanya kazi, kiisha vinanyamaza.

Lakini hata musaada wa kimya unaweza kuliwa na mutu mwenyewe. Kule Ujerumani, katika muji wa München, wakati wa miaka ya 1980, walilinganisha taksi za aina moja, zingine na ABS na zingine bila. Walifikiri zenye ABS zitapata ajali kidogo. Haikuwa hivyo. Mashofere waliojua kwamba wako na breki nzuri walianza kuendesha kwa ukali, wakafunga breki mwisho kabisa, na ile faida ikapotea. Mashofere wetu wa taksi-bisi wangeweza kuwaeleza hao Wajerumani jambo hilo bila kuhesabu kitu.

Sasa vile vinavyosema. Motokari tunayotumia kwa kazi ya kanisa ilinunuliwa kuukuu kutoka Japani, ikapita Dar es Salaam na Zambia mupaka kufika kwetu. Kila asubuhi ukiwasha moto, mama mumoja anasema kwa Kijapani, kwa sauti ya heshima sana. Watoto wangu walimujibu kwa miezi mingi, «Asante, mama», mupaka mutu mumoja aliyefanya kazi na watu wa huko akatueleza: anaomba karatasi ya kulipia njia kuu za Japani. Yaani iko anatuomba feza za njia ambayo hatutaiona. Huyo hasumbui, anachekesha. Lakini kifaa cha kufuata mistari ya njia ni jambo lingine. Kilitengenezwa kwa njia zenye mistari iliyopakwa vizuri. Hapa kwetu mustari unaonekana, unapotea, kiisha inakuja alama ya zamani ya mipira, na kifaa kinafikiri ndiyo mustari. Ukiepuka shimo, kinakulaumu. Ukitoka kidogo kusudi upite mutu anayesukuma kinga na mifuko mitatu ya makala, kinakulaumu tena, na hapo ndipo ulipofanya vizuri! Kioo cha mbele kikipasuka na ukiweka kingine cha motokari nyingine, ile kamera ndogo ya juu haioni tena sawasawa, kwa sababu inapaswa kupimwa upya na mitambo ambayo magaraji mengi hayana.

Nitaongeza jambo ambalo wageni hawalijui. Motokari nyingi hapa ziko na usukani kuume, na sisi katika Kongo tunaendesha upande wa kuume. Shofere aliye nyuma ya kamio hawezi kuona mbele mupaka atoke nusu nzima katika njia ya wengine. Basi nani anamusaidia? Yule aliyeketi kushoto. Mama Pasta, bibi yangu, amekuwa macho yangu kati ya Likasi na Lubumbashi kwa miaka mingi. Anasema, «Ngoja, Baba.» Kiisha anasema, «Bado.» Kiisha, «Pita sasa, upesi.» Hakuna mutambo unaoweza kunitikisa kama hilo neno «bado» lake. Na mutazame sababu: hasemi kila wakati. Akisema, kuna kitu.

Hapo ndipo naona kiini cha mabishano yetu. Mulio ukilia mara kumi bila sababu, mutu haungojei tena mara ya kumi na moja. Anautafutia dawa. Nimeona mashofere wanaofunga mukaba nyuma ya mugongo wao na kuukalia, kusudi ile ti-ti-ti inyamaze. Wengine wananunua kile chuma kidogo cha mukaba peke yake, bila mukaba, wanakiingiza katika nafasi yake, na motokari inafikiri shofere amefungwa. Motokari imedanganywa, lakini kichwa chake na kile kioo bado vinatazamana.

Wala si sisi tu. Marekani walijaribu nguvu kabla yetu. Motokari za mwaka 1974 zilitengenezwa kwa sheria hivi: wale wa mbele wasipofunga mukaba, moto hauwaki. Ukiweka mufuko wa chakula juu ya kiti cha pembeni, motokari inafikiri ni mutu asiyefungwa, inakataa kuondoka. Ukiweka mbwa, vilevile. Watu walikasirika vikali, na kabla mwaka 1974 haujaisha wabunge walifuta sheria hiyo. Waliandika hata kwamba mulio wa kukumbusha mukaba usilazimishwe kupita sekunde 8. Mukaba wenyewe haukuwa na kosa, unaokoa watu mupaka leo. Miaka kumi nyuma, jimbo la New York lilianza kulazimisha watu wazima kuufunga kwa sheria ya njiani, majimbo mengine yakafuata, na watu wakazoea. Walikuwa wamekataa namna ya kulazimishwa na chuma kisichojua tofauti ya mutu na mufuko wa ngano.

Ulaya wanajaribu leo kwa njia ya katikati. Tangu tarehe 7 Julai 2024, kila motokari mupya inayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya inapaswa kuwa na kifaa kinachosoma kibao cha mwendo na kumuonya shofere akipita kiasi, tena na breki zinazojifunga zenyewe kama kuna kitu mbele, na kifaa cha kuonya shofere akianza kusinzia. Kile cha mwendo, shofere ana ruhusa kukizima. Lakini akiwasha moto tena, kinarudi. Wengi wanalalamika kwamba kinasoma vibaya vibao. Wanabonyeza kifungo kila asubuhi kama vile mutu anavyofukuza inzi.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu. Kuna baba mumoja wa makutaniko yetu, nitamuita Baba Mapasa, anayeendesha kamio kubwa za kubeba mawe katika shimo la mine. Zile kamio hazina mwenzake: ukiwa juu, motokari ndogo iliyo karibu na gurudumu huioni hata kidogo. Kompani yao iliweka kamera mbele ya uso wa kila shofere. Inatumia mwangaza usioonekana kwa macho, hata usiku inaona kope zako. Kope zikifunga sekunde chache, kiti kinatikisika chini yako na mulio unapigwa. Wakati uleule, habari inafika katika biro ya mashefu, pamoja na picha.

Mama Mapasa alifurahi siku ya kwanza. Aliniambia, «Baba Pasta, usiku nalala sasa. Kuna mutu anamutazama bwana yangu.» Baba Mapasa hakufurahi. Alisema kwamba kamera ilimuhesabia alipochemua, tena alipotazama chini kutafuta chupa ya maji. Aliitwa mara mbili katika biro. Mara ya tatu, walimwambia, itakuwa barua. Basi alianza kuendesha akiwa na woga wa kamera kuliko woga wa shimo, anafungua macho makubwa kama samaki, na akirudi nyumbani kichwa kinamuuma. Nyumbani ugomvi: bibi anatetea kamera, bwana anaiita mupelelezi. Waliniita nikate maneno.

Niliuliza swali moja: analala saa ngapi? Hapo wakanyamaza wote wawili. Kazi ya usiku inaanza saa kumi na mbili ya magaribi na kuisha saa kumi na mbili ya asubuhi. Bisi ya kompani inamufikisha nyumbani, ananawa, anakula, analala saa tatu ya asubuhi. Nyumba ni vyumba viwili, watoto sita, bati juu, na kando ya lupango iko mashini ya kusaga mahindi. Saa sita, jua kichwani, ameamuka. Tuhesabu pamoja: kutoka saa sita ya muchana mupaka saa kumi na moja ya alfajiri ni saa 17 bila kufumba macho. Katika mwaka 1997 watu wawili wenye elimu wa Australia walionyesha kwamba mutu aliyekaa macho saa 17 mikono na akili yake vinafanya kazi kama vya mutu aliyekunywa pombe kufikia kiasi ambacho sheria za nchi nyingi zinakataza kuendesha nacho. Na saa hizo za alfajiri ndizo mwili unaomba usingizi kwa nguvu kupita zote. Kamera haikusema uongo basi, hata kama ilikosea juu ya chafya. Ilisema kweli kwa mutu asiyeweza kufanya kitu na hiyo kweli. Kutikisa kiti si usingizi.

Kwa hiyo sikumupa ushindi bibi wala bwana. Nilimuambia Baba Mapasa asiifunike ile kamera na kitambaa, kama wenzake wawili walivyofanya, kwa sababu iko watoto sita wanaongojea ile bisi ya asubuhi. Lakini nilisema vilevile, na nasema hapa, kwamba kompani inayopata picha za kope za watu usiku mzima inajua sasa saa gani watu wake wanaanguka. Ikitumia picha hizo kwa kuandika barua za azabu tu, mashofere watatafuta kitambaa, na shimo litabaki vilevile. Ikizitumia kwa kupanga saa ya kupumuzika kabla ya alfajiri, hakuna atakayeiita mupelelezi.

Mama Mapasa amefanya upande wake. Watoto wadogo wanashinda kwa nyanya yao mupaka saa tisa ya muchana. Mwenye mashini ya kusaga alikubali kuanza kazi nyuma ya saa saba siku za juma ambazo bwana anatumika usiku. Wamama wengine walinung'unika, kiisha wakazoea. Baba Mapasa analala karibu saa sita sasa, na kiti chake kinatikisika mara kidogo. Halafu yule mama alichukua daftari la mutoto, akaandika kwa majuma matatu saa bwana yake alizolala na saa kamera ilizolia, mustari kwa mustari. Wamepeleka karatasi hiyo kwa delege wa wafanyakazi, pamoja na maombi ya robo saa ya kupumuzika kila usiku. Delege aliipeleka juu. Tunangojea jibu.