Kupanda siyo kukubali kukaa

Kiazi ulaya hakipendi Rumonge. Vijana ninaofanya nao kazi wananiuliza kila mara, kwa nini tusipande ibiraya, kile cha kukaanga firiti, si ndicho chenye soko? Jibu ni joto. Ibiraya kinataka usiku wa baridi ili kiweke viazi chini. Ndiyo maana kinashuka sokoni kutoka Mugamba na Kayanza, kule juu milimani. Sisi huku ziwani tuko chini, kwenye mita 770 na kitu. Ukikipanda hapa kitakupa majani mazuri sana, halafu siku ya kuchimba unakuta vitu kama goroli.

Cha kwetu ni kiazi kitamu, ikijumbu. Hicho hakiogopi jua, na hakinunuliwi mbegu. Unaomba marando kwa jirani, basi.

Shamba huna? Tafuta gunia. Toboa matundu chini maji yapite. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, lakini samadi isizidi, ikizidi utakula majani tu. Kata rando lenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, upande wa ncha, halafu zika sehemu kubwa yake chini. Gunia moja linatosha marando matatu au manne. Mwagilia wiki za kwanza. Maji ya kuoshea mboga yanafaa. Udongo ukipasuka, ufunike haraka, kwa maana fukusi anapita kwenye nyufa hizo kufuata kiazi. Baada ya miezi minne hivi, pekua kidogo na mkono uangalie. Ukipata aina ya rangi ya machungwa, chukua hiyo: ina vitamini A, nzuri kwa watoto.

Niseme ukweli, gunia moja halilishi nyumba ya watu saba. Lakini matembele unachuma kabla hata ya viazi, kidogo kidogo. Matembele na mawese na ndagala, hicho ni chakula cha jioni ambacho hukukingoja kwenye foleni.

Sasa, ugumu wenyewe hauko kwenye udongo. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Fizi nilimpelekea marando, akayaangalia tu. Akaniambia: «Mwanangu, miezi minne? Mimi narudi kwetu. Nikipanda hapa ni kama nimekubali kukaa.» Sikuwa na neno la haraka la kumjibu. Na siyo yeye peke yake. Wapo watu wameishi miaka hawajapanda hata kitunguu, kwa sababu kila mwezi ni mwezi wa kurudi.

Ninamheshimu. Lakini pwani hii yenyewe ina jibu. Mwaka 1972 watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia mauaji, wengi wakaingia Tanzania. Huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa mashamba, wakalima miaka na miaka. Je, mashamba hayo yaliwazuia kurudi? Wengine walirudi, wengine mwaka 2014 wakapewa uraia wa Tanzania wakabaki. Kila mmoja aliamua kwa sababu zake, siyo kwa sababu ya muhogo aliopanda. Waliorudi hapa, wengi walikuta shamba la baba lina mtu mwingine, na kesi hizo zimegawa familia. Kwa hiyo hapa ukimwomba mtu kipande cha ardhi unagusa kidonda. Gunia haligusi kidonda cha mtu. Na siku ya kuondoka, unalimwaga tu.

Kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, nina ombi moja. Msilete marando mwezi wa kumi mkapiga picha mkaenda. Kiangazi cha kwetu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, ndicho kinaua marando, na mvua ikirudi watu wanaanza tena kuomba. Saidieni kikundi kimoja chenye maji karibu kitunze marando kiangazi chote. Hapo wageni wakifika watapewa na wakimbizi wenzao, siyo na gari.

Yule mama alichukua marando matatu mwishoni. Alisema siyo ya kwake, ni ya wajukuu, wanapenda matembele. Nikamwambia sawa, Mama. Kiazi hakiulizi umekipanda kwa ajili ya nani, wala utakuwa wapi mwakani. Kinahitaji maji wiki hii.