Vibao vya Salem, Milango ya Unguja

Salem, mji wa pwani ya Massachusetts, unajulikana Marekani nzima kwa kesi za uchawi za mwaka 1692. Mwezi wa Oktoba hujaa wageni waliovaa kofia zilizochongoka, hata pa kupita hupati. Mimi huupenda siku nyingine, kwa sababu ya vibao. Katika mitaa ya karibu na bandari, nyumba nyingi za zamani zina kibao cheupe cha mbao chenye herufi nyeusi: jina la aliyejengewa nyumba, kazi yake, mwaka. Huyu nahodha, yule seremala wa meli, jirani yao mfanyabiashara. Seremala naye anakumbukwa, na hilo limenifurahisha.

Kazi hii haifanywi na serikali. Mwenye nyumba huiendea Historic Salem, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1944, akalipa, na mtafiti akaingia kwenye hati za mauzo na wosia kufuatilia nyumba ilivyopita mkono kwa mkono. Kibao ni sehemu ndogo tu. Mali yenyewe ni ile historia iliyoandikwa nyuma yake.

Lakini mtu wa Unguja akisoma "mfanyabiashara" hapo ukutani, hawezi kupita hivi hivi. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mwaka 1833, na balozi mdogo wake wa kwanza Zanzibar, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Meli za mji huu zilituletea kitambaa cha merikani, kilichofumwa kwa pamba waliyoivuna watumwa wa majimbo ya Kusini. Zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu wa miti uliogandishwa ardhini. Sandarusi ilichimbwa Mrima, pwani ya bara, ikaja Unguja, ikavuka bahari ikiwa bado na gamba lake la mchanga, na palepale Salem Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Baadaye ikawa vanishi ya kung'arishia samani za matajiri. Aliyeichimba, na aliyebeba pembe begani kutoka bara, hawakupata nafasi kwenye kibao. Hapo ndipo ninapowalaumu Wamarekani: wametunza jina la mwenye nyumba, wakaacha fedha iliyoijenga ijieleze yenyewe.

Je, sisi? Kuandika historia ukutani hatukufundishwa na mtu wa Salem. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, Salem ikiwa bado karne nyingi mbele. Na Mji Mkongwe, kibao cha nyumba ni mlango wake. Tazama kizingiti cha juu cha mlango wa nakshi: aya, mara nyingine mwaka wa Hijria, pengine na jina. Tatizo ni kwamba mlango una bei. Ukiuzwa ukaenda kupamba hoteli, tarehe ya nyumba imeondoka nao, na fremu mpya haisemi kitu.

Kuna jambo zito zaidi, nalo hatupendi kulizungumza. Salem jina la tajiri wa mwaka 1790 halimuumizi mtu. Kwetu nyumba nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wenyewe wakatawanyika Maskati, Dubai, Uingereza, na ndani wakaingia watu wengine ambao wajukuu wao wamezaliwa humo. Kuandika "nyumba ya fulani" ni kugusa madai. Ndiyo maana mabango tuliyonayo huzungumzia masultani, soko la watumwa na mwanamuziki Freddie Mercury, mara nyingi kwa Kiingereza, kwa ajili ya mgeni mwenye kamera. Mtoto anayeishi mtaa wa Kiponda, humo Mji Mkongwe, hana bango la kumwambia nani alilala chumba anacholala yeye. Wanaojua wako barazani, na kila mwaka wanapungua.

Kwa maoni yangu kibao cha Salem tusikiige kilivyo. Chetu kiwe kwa Kiswahili, na kitaje zaidi ya mmiliki mmoja: aliyejenga, waliotumika humo, walioondoka, walioingia baada ya 1964. Nyumba iliyokaliwa na watu wa aina zote hizo haina sababu ya kuchagua mmoja wao.

Kibao kinaweza kusubiri, wazee hawasubiri. Wewe uliye Unguja, kabla dalali hajaufikia mlango wenu, piga picha ya kizingiti, mkalishe bibi, muulize nani aliishi chumba gani, rekodi. Nasi tulio nje tutunze nakala, maana ukoo uliotawanyika nchi tano una angalau sehemu tano za kuweka karatasi moja.