Kutoka Oslo hadi Daftari za Lubondja

Mwaka 1985, nchi yetu ya Kongo ikiitwa bado Zaire, iligawanywa katika zoni za afya 306. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikapangwa upya, zikawa 515. Programu ambayo fundi wake aliandika zile 306 ndani ya maagizo yake isingestahimili badiliko hilo. Ingebidi kuandikwa upya. Nasema hivi: badiliko linaloua programu ni lile ambalo hakuna aliyelitarajia. Dawa yake ni kuwaachia wanaoitumia uwezo wa kuibadilisha, maana kutabiri hakutoshi.

Wazo hili lina historia ndefu. Miaka ya 1960, mjini Oslo, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walitunga Simula, lugha ya kwanza iliyogawa programu katika vitu, kila kimoja kikibeba habari zake na kazi zake. Kipya kingeweza kurithi cha zamani bila kukibomoa. Wengi waliona tatizo limekwisha. Halikwisha. Meir Lehman alieleza katika miaka ya 1970 kwamba programu inayotumika katika maisha ya watu lazima ibadilishwe daima, la sivyo manufaa yake hupungua. Mwaka 2002, huko Málaga, Hispania, watafiti wa programu za vitu walikutana kujadili hasa mabadiliko yasiyotarajiwa, kwa sababu urithi husaidia pale tu ambapo fundi alikisia mapema ni wapi patabadilika.

Jibu ninaloliamini lilitoka katika takwimu za afya. Afrika Kusini, baada ya 1994, ilirithi idara za afya zilizotengwa kwa rangi, na mipaka na fomu zikawa zinabadilika. Jørn Braa na wenzake walijenga huko programu ya DHIS. Toleo la pili, lililoandikwa kwa Java katika Chuo Kikuu cha Oslo, lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Ndani yake majina ya vituo, magonjwa na fomu ni habari za kujazwa, si maagizo ya fundi. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na Kongo ikafuata. Januari 2020 Sri Lanka iliigeuza ifuatilie wasafiri kwa ajili ya korona, kazi ambayo waliobuni programu hawakuipanga.

Wapo watakaosema uhuru huu huzaa fujo: kila mfadhili huongeza safu yake kwenye fomu. Ni kweli, na mzigo humwangukia muuguzi anayejaza fomu ya mwezi. Lakini fujo hiyo hutoka kwa wenye mamlaka ya kuongeza. Programu iliyofungwa ingewaacha na mamlaka yaleyale, ikamnyima muuguzi njia ya kusahihisha. Wengine watauliza programu ina maana gani huko Lubondja, mashariki mwa Kongo, ambako kazi ni ya kalamu na karatasi. Ina maana kubwa. Karatasi hiyo hupanda hadi ofisi ya zoni, ndipo huingizwa kwenye kompyuta, na kipindupindu kikizuka kando ya Ziwa Tanganyika, kile ambacho fomu haina nafasi ya kukiandika hakitaonekana Bukavu wala Kinshasa.

Kwa hiyo naiomba wizara ya afya na wanaoisaidia: kabla ya kuongeza safu nyingine, muulizeni kwanza muuguzi wa Lubondja, na mpeni haki ya kusema ipi iondolewe.