Alikataa mchongo wa bosi, lakini bado hawezi kuomba

Ukimkuta Insta utajua ni mrembo mwenye sauti tu. Jina kapuni. Ana miaka 24, kakulia Mbagala, na sauti hiyo imelelewa na kwaya ya vijana kwenye usharika wao wa Kilutheri. Kipaimara alipata palepale, na sauti ya pili alifundishwa palepale.

Baadaye akaanza kuitwa studio kuitikia nyimbo za wasanii wa Bongo Fleva. Hela ndogo, 50,000 leo, 80,000 wiki ijayo, lakini ilisaidia nyumbani. Mama yake alikuwa anaumwa figo, anasafishwa damu mara 3 kwa wiki. Kanisa lilichanga, likafunga, likakesha. Mama akafariki.

Watu wakamwambia ni mapenzi ya Mungu. Akaitikia amina, lakini ndani kuna kitu kilikatika. Tangu siku hiyo akipiga magoti hajui aanzie wapi.

Na jaribu lina akili, halikujii ukiwa umeshiba. Hata arobaini haijaisha, akapigiwa simu na bosi mmoja mwenye koneksheni zake mjini. Wimbo wa kwake mwenyewe, video ya maana, kodi ya miezi 6 Sinza. Sharti halikutajwa ila lilieleweka: njoo hotelini Masaki, Ijumaa, saa 4 usiku, peke yako.

Alienda. Hapa ndipo wengi hudanganya wakisimulia, yeye hafichi. Alipanda bajaji, akakaa pale mapokezi na soda yake, akawa anajiuliza: kama hata sina uhakika Mungu ananisikia, namkatalia huyu baba kwa ajili ya nani?

Hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Kilichoingia ni meseji ya mwenzake wa kwaya: kesho mazoezi saa 9, usichelewe, sauti ya pili tuko wawili tu. Akaisoma mara mbili. Akaona kesho yake anavyowaangalia wale watu usoni. Akaacha soda mezani, akatoka.

Stori nyingi zingeishia hapo, na shangwe za haleluya. Yake haikuishia hapo. Ule mchongo alipewa binti mwingine, na wimbo wenyewe anausikia kwenye daladala mpaka leo. Kodi anadaiwa. Na kuomba bado hawezi.

Ndipo akamfuata mwalimu wa kwaya, mzee wa makamo ya babu yake.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kuacha kwaya. Nikiimba nitakuwa naimba uongo."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza. Yohana Mbatizaji unamjua?"

"Namjua, ndiye aliyembatiza Yesu."

"Alipofungwa gerezani, alituma watu wakaulize nini?"

Dada kimya. Ipo Mathayo 11. Yohana alituma wanafunzi wake wakamuulize Yesu kama kweli ndiye, au wamsubiri mwingine.

"Yohana yuleyule aliyemwona kwa macho," mzee akasema. "Na gerezani hakutoka, alikatwa kichwa. Lakini Yesu hakumfukuza kwa sababu kauliza. Alimsifu mbele ya watu. Sasa wewe nani kakwambia kuuliza ni kuacha imani? Njoo Jumapili. Siku ukiwa huna cha kuimba, simama tu, sisi tutaimba. Na sisi siku yetu ikifika, utatuimbia."

Basi Jumapili utamkuta mstari wa pili, kavaa joho lake. Kuna siku anafumba mdomo mwanzo mpaka mwisho na hakuna anayemsemesha. Wiki iliyopita, ubeti wa tatu, mwenzake wa sauti ya pili alishikwa na kikohozi, sauti ikaanza kupwaya. Dada akaingia. Hakulia, hakuanguka chini, wala hakupata maono. Aliingia tu kwa sababu walikuwa wawili, na mmoja kashindwa.

Anachukia kuitwa jasiri wa imani. Anasema yeye bado anauliza, ila sasa anaulizia akiwa ndani ya kanisa, sio nje.

Ungekuwa wewe pale mapokezi, saa 4 usiku, kodi unadaiwa na mbingu kimya, ungenyanyuka?