Baraza la Waandishi Wasio na Ofisi

Mwandishi wa kujitegemea ni mtu wa kazi mbili: kazi ya kuandika, na kazi ya kumtafuta wa kumwandikia. Mwalimu ana darasa lake, karani ana meza yake, na fundi cherehani ana ukumbi ambapo wateja humkuta. Mwandishi asiyeajiriwa hana mahali. Usiku huandika nyumbani kwake, na mchana huzunguka akiuliza kama yupo mtu mwenye barua ya kuandikiwa, tangazo la kufasiriwa, au mchezo wa redio wa kutungiwa. Kwa sababu hiyo hukabiliwa na hatari mbili ambazo wenye ajira hawazijui sana. Ya kwanza ni kupunjwa. Ya pili ni kupotelewa na kazi yake. Katika makala haya nakusudia kuwaeleza walimu wenzangu jinsi baraza dogo la kila mwezi, lisilo na mwenyekiti wala mweka hazina, linavyowakinga waandishi wa huku kwetu na hatari hizo mbili.

Kwanza sina budi kueleza huku kwetu ni wapi. Awasse ni njia panda katika wilaya ya Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Barabara itokayo Mueda hukutana hapo na ile itokayo Macomia, kisha njia huteremka yapata kilomita 40 mpaka baharini. Kama ilivyo kwa njia panda zote, hapa ni mahali pa lugha nyingi. Wamakonde hushuka kutoka uwanda wa juu na Kimakonde chao. Wamwani hupanda kutoka pwani na Kimwani, lugha ambayo msemaji wa Kiswahili huisikia kama ndugu aliyelelewa nyumba nyingine. Kireno ni lugha ya shule na ofisi. Kiswahili nacho ni lugha ya soko, ya safari, na ya jamaa walioko ng'ambo ya mto Ruvuma. Wazee wengi walikipata uhamishoni wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964. Mama yangu alijifunza kusoma kwa Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Rutamba, karibu na Lindi, kabla hajajua hata neno moja la Kireno. Mimi mwanawe hufundisha Kireno asubuhi kwa mshahara, na Kiswahili jioni kwa wafanyabiashara na vijana wanaokihitaji.

Wala mwandishi wa kuandikia wengine si mtu mpya katika pwani hii. Katika karne ya 19 masheikh na watawala wa kaskazini mwa Msumbiji waliandikiana na Wareno kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na barua nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa hadi leo katika Nyaraka za Historia mjini Maputo. Baadhi ya barua hizo ziliandikwa na mikono ya makatibu ambao majina yao hayakutiwa chini. Kwa hiyo mzee wetu anayekaa sokoni na kalamu, akiwaandikia wajane maombi ya kiwanja, amerithi kazi ya zamani.

Baraza letu lilianza mwaka 2014. Siku yetu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, jua linapoanza kupoa. Mahali petu ni chini ya mkorosho. Hatujapata kuwa zaidi ya watu kumi na wawili. Yumo mzee huyo wa barua, yumo fundi cherehani ambaye ni mshairi, yumo binti anayetunga michezo ya redio ya jamii, wamo wawili watatu wanaofasiri kwa malipo, nami nimo. Kila mmoja huja na alichonacho: huyu mkeka, huyu mihogo ya kuchemsha, huyu sukari ya chai. Hapana kiingilio, hapana daftari la mahudhurio, na asiyefika haulizwi sababu. Lakini mambo mawili hayaachwi. Kwanza, kila mtu hutaja kazi aliyopata mwezi uliopita, aliyempa, na malipo yake. Pili, kila mwenye maandishi mapya husoma, si zaidi ya kurasa mbili, na aliye kushotoni mwake hurudia kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoyasikia.

Nianze na hilo la malipo. Mwaka 2016 shirika moja lilipita wilayani likitafuta watu wa kufasiri mabango ya afya kutoka Kireno. Liliwapa watu wetu watatu kazi ya namna moja, kila mmoja kwa faragha. Wa kwanza aliambiwa kwamba ukurasa ni metikali 400, wa pili 250, wa tatu 150. Naye huyu wa tatu akaombwa asimwambie mtu, kwa kuwa eti amependelewa. Jumamosi ilipofika, kila mmoja akataja malipo yake kama ilivyo desturi. Pakawa kimya. Kisha mzee wa barua akauliza, "Je, mabango ya huyu wa tatu yatatibu wagonjwa wachache zaidi?" Siku hiyo tukakubaliana kwamba hapana atakayefasiri ukurasa kwa chini ya metikali 300, na kwamba kila kazi itaanza kwa karatasi yenye sahihi mbili. Kazi ya pili ilipokuja, wote watatu walitaja bei moja. Mjumbe wa shirika alicheka, akasema, "Kumbe mnajuana!" Akalipa.

Sitaki msomaji adhani kwamba tulishinda kila mara. Zipo kazi zilizotukimbia kwa sababu ya bei hiyo, zikapewa watu wa mbali wasioijua lugha ya hapa. Lakini hata kazi inapokosekana, mwandishi anayejua bei ya wenzake huenda nyumbani akiwa na heshima yake. Tena ni katika mazungumzo hayo ya malipo ndipo kazi hupata njia ya kuhama kutoka mkono huu kwenda ule. Aliyezidiwa humwachia mwenzake. Asiyejua Kimwani vizuri humtaja anayekijua. Kidole kimoja hakivunji chawa, walinena wahenga.

Ama desturi ya kurudia, mimi kama mwalimu wa lugha naithamini kuliko sifa na lawama. Msikilizaji hapimi uzuri. Anaeleza tu alichokisikia. Pale anapokwama, mwandishi hujua kwamba sentensi yake ni ndefu mno au neno lake halikufika. Mwezi mmoja yule binti alisoma mchezo ambamo mama anampeleka mtoto "zahanati". Aliyerudia akasema mama amempeleka mtoto "posto", kwa kuwa ndivyo watu wa hapa waitavyo, kwa kufuata Kireno. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Wengine walitaka neno sanifu, wengine neno la watu. Mwishowe binti mwenyewe akaamua kwamba msimulizi wa mchezo atasema zahanati, na mama katika mchezo atasema posto. Naona uamuzi huo ulikuwa somo kamili la matumizi ya lugha, nami nimelitumia darasani mara nyingi tangu siku hiyo.

Sasa nije kwenye hatari ya pili. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliona daftari lenyewe likipotea. Mashambulizi yaliyoanza mjini Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 yaliendelea kusambaa, na mwaka 2020 vita vikatufikia. Mji wa Mocímboa ulitekwa mwezi Agosti mwaka huo, ukakombolewa Agosti 2021. Watu wa Awasse walitawanyika: Mueda, Montepuez, Pemba, na wengine porini wasijue waendako. Mtu anayekimbia na watoto habebi maandishi. Fundi wetu aliacha nyumbani daftari lenye utenzi alioutunga kwa miaka minne juu ya barabara ya Mueda na wasafiri wake, beti 112. Nyumba iliteketea na daftari ndani yake.

Mwaka 2021 wanne kati yetu tulikutana Pemba. Tulikaa barazani kwa mwenyeji wetu, na fundi akaanza kusema beti alizozikumbuka. Alifika ya ishirini na tatu akanyamaza. Ndipo yule binti, ambaye miezi mingi alikuwa akiketi kushotoni mwake, akaendelea. Mzee wa barua akaongeza zake. Kwa muda wa majuma kadhaa tulipata beti 67. Nyingine arobaini na tano hazikurudi.

Katika kazi hiyo lilizuka jambo ambalo walimu wa fasihi watalifurahia. Katika ubeti mmoja fundi alisema kwamba aliandika "kivuli". Binti alishikilia kwamba alisikia "umande". Neno lilikuwa katikati ya kipande, vina havikuguswa, na mizani ni tatu kwa tatu. Fundi alifikiri, kisha akasema, "Andikeni umande. Yeye ndiye aliyeuweka." Nami ndiye niliyeshika kalamu, nikaandika umande.

Tukio hilo lilinikumbusha habari za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake hatukuyapata kwa sababu aliyachapa. Tunayo kwa kuwa watu wa Mombasa waliendelea kuyasema, hata mwishoni mwa karne hiyo mmisionari William Taylor akayakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na diwani ikatoka Johannesburg mwaka 1940. Yaani kwa muda wa miaka mingi mashairi hayo yalikaa katika masikio ya watu. Tunapowafundisha wanafunzi mashairi ya Muyaka, na tuwafundishe pia kwamba kulikuwa na wasikilizaji.

Baadhi yetu tulirejea Awasse, na tangu mwaka 2023 baraza limekaa tena chini ya mkorosho, ingawa usalama bado ni wa kupimapima. Desturi moja imeongezwa: kila kilichosomwa hunakiliwa na mtu asiye mwenyewe, kwa mkono au kwa picha ya simu, ili kiwe katika nyumba mbili.

Hivi karibuni pametokea hoja ya kutugawanya. Tumeshauriwa tujiandikishe kuwa chama, tuwe na katiba, mhuri na akaunti ya benki, ili tuweze kuombewa fedha. Vijana wanataka, na sababu zao si ndogo, kwani mwenye njaa hasubiri shairi liive. Mimi sipingi vyama. Chama cha Waandishi wa Msumbiji kilichoundwa Maputo mwaka 1982 kimewafaa wengi. Lakini hata ndani ya chama hicho vijana waliona haja ya mzunguko wao mdogo, na mwaka 1984 wakaanzisha jarida la Charrua, ambalo mmoja wa waanzilishi wake, Ungulani Ba Ka Khosa, alikuwa mwalimu kama sisi. Kadhalika kwa upande wa Kiswahili, jarida la Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 likitoka kila mwezi liliwakutanisha kurasani washairi wa miji mbalimbali. Walijibizana na kusahihishana wakiwa hawajaonana. Katika yote mawili, kilichowakuza waandishi kilikuwa kule kusomana mara kwa mara.

Basi rai yangu, nitakayoitoa mbele ya wenzangu Jumamosi ijayo, ni hii: wanaotaka chama na wakiunde, nami nitawaandikia katiba, lakini mkorosho ubaki nje ya katiba hiyo. Pesa ikija, ipitie chama. Jumamosi ya kwanza isije ikawa na ajenda, posho wala meza kuu, maana siku tutakapoanza kulipwa kwa kuhudhuria ndiyo siku ambayo asiyelipwa atabaki nyumbani, na daftari lake pamoja naye.

Ndugu walimu, pengine katika mji wako wamo watu wanne watano wanaoandika peke yao, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Mwalimu wa lugha huwajua kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa humletea maandishi yao wasahihishiwe. Waite. Chagueni siku moja ya mwezi, wala msiibadilishe hata wakija wawili tu. Kila mtu ataje malipo yake bila haya. Kila mtu asome, na mwenzake arudie. Mkisha kuachana, hakikisheni kwamba kila ukurasa uliosomwa unalala katika nyumba mbili.